Kobe wa Ndinda na Papai la Ijumaa

Vijana, nilikuwa na mikono mizuri kuliko mtu yeyote kati ya Malili na Salama, mpaka Ndinda alipokuja. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu nimezeeka na sina wa kumwogopa tena hapa mjini Wote. Kazi yangu ilikuwa kupakia wanyama wanaotambaa: kobe, vinyonga, mijusi, hata nyoka. Walitoka hapa kwetu Ukambani wakaenda ng'ambo kufugwa kwenye nyumba za watu kama nyinyi mnavyofuga paka. Mnacheka? Chekeni. Nilisomesha watoto wanne kwa kazi hiyo.

Naandika kwa sababu nimesikia kuna mtu mwenye gari anayepitapita upande wa Kitui akiulizia kobe wa miamba, na vijana wengine wameanza kumtafutia. Mnaniuliza kama ni kazi nzuri. Ngojeni niwaambie jinsi nilivyoifanya, halafu mtajijibu wenyewe.

Tajiri wetu aliitwa Kariuki, mtu wa kutoka Murang'a aliyehamia Salama na kufungua duka kando ya lami. Mbele aliuza sukari na mafuta ya taa. Nyuma kulikuwa na uwanja wenye ua wa mabati, na ndani ya uwanja kulikuwa na stoo. Leseni yake ilining'inia ukutani ndani ya fremu, karibu na kalenda ya kanisa. Mimi nilikuwa na ufunguo wa stoo. Nyinyi mnaona ufunguo ni kitu kidogo. Pale kwetu, mwenye ufunguo ndiye aliyekuwa mkuu wa wapakiaji. Wengine walimngoja mlangoni asubuhi, na oda ikija Kariuki alimwita yeye kwanza. Niliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, nje ya shati, hata kanisani.

Sasa niwape ujuzi kidogo, kwa maana hakuna atakayewapa tena. Kinyonga hang'olewi kwenye tawi. Ukimvuta, anashika kwa nguvu mpaka vidole vinavunjika, na huwezi kuona kwa macho kwamba vimevunjika. Unaweka mkono wako mbele yake na unangoja apande mwenyewe. Anapanda kwa wakati wake, na wewe unasimama hapo kama mjinga, hiyo ndiyo kazi. Kifuko cha nyoka kinashonwa kwa kitambaa cha marekani, na mshono unabaki nje, kwa sababu nyuzi za ndani zitamnasa meno. Tundu za boksi la mbao zinatobolewa kutoka ndani kwenda nje ili makali ya mbao yasimkwaruze aliye ndani. Hilo la tundu sikulijua. Nilitoboa kutoka nje miaka sita mizima, mpaka Ndinda akaja, akaingiza mkono wake ndani ya boksi langu akautoa una damu. Alifunga kidole kwa kitambaa na akageuza boksi, akaanza kutoboa upya.

Hiyo ilikuwa siku yake ya pili kazini. Nilimchukia hapo hapo.

Ndinda alitoka Nuu, kule Kitui kwenye mawe, mwanamke wa miaka kama thelathini hivi, mwembamba, wa kanisa sana. Huko kwao ndiko kobe wa miamba wanakaa. Si kobe wa kawaida mwenye mgongo wa kilima. Huyu ni bapa, na gamba lake ni laini, linabonyea ukilibonyeza. Akiogopa haingii ndani ya gamba. Anakimbia, tena kwa kasi, anajisukuma ndani ya ufa wa mwamba na anajikaza huko kwa miguu mpaka huwezi kumtoa. Wazungu walimpenda kwa sababu hiyo ya kuwa bapa. Sisi tulimtoa kwa waya uliopindwa ncha. Waya ukishindwa, tulileta mtaimbo na tukapasua mwamba. Mwamba ukishapasuliwa hakuna kobe mwingine atakayeingia pale, na kobe yule hutaga yai moja tu kwa wakati mmoja. Hayo mawili niliyajua tangu mwanzo, wala sikuyafikiria. Nilifikiria ufunguo.

Mtanisamehe nikiruka, mambo yananijia yanavyotaka. Kuna siku pikapu ya Kariuki ilipata pancha pale Malili siku ya soko. Mimi na Ndinda tulikuwa nyuma na makreti ya vinyonga. Nilikuwa nimefunga kreti moja kwa haraka, na gari lilipoyumba mlango wake ukafunguka. Vinyonga walitoka wote, wakaanza kutembea sokoni kwa ule mwendo wao wa kusitasita. Mnajua akina mama wa kwetu na kinyonga. Mmoja alipomwona juu ya nyanya zake alipiga yowe, "Asi!" na ndani ya dakika moja soko lilikuwa tupu, nyanya, ndizi na viondo vimeachwa bila mtu. Mimi nilikuwa nakimbia huku na huku nikiwashika kwa shuka. Ndinda aliketi chini, akachukua vijiti vya kuni na akavisimamisha kwenye mchanga. Alingoja. Vinyonga walipanda vile vijiti mmoja mmoja na yeye akawarudisha kwenye kreti, kila mmoja na kijiti chake. Hakupotea hata mmoja.

Watu walirudi wakampigia makofi. Mzee mmoja wa duka alimpa soda. Aliigawa, akanipa nusu, na nikakataa.

"Baba Mwende, kunywa, jua ni kali," akaniambia.

"Mimi sisikii kiu," nikamwambia, na ulimi ulikuwa umenikauka kabisa.

Mwende ni binti yangu wa kwanza. Ndinda aliniita baba Mwende kwa heshima tangu siku ya kwanza, na heshima hiyo iliniuma kuliko kama angenitukana. Hata jinsi alivyofunga kitambaa kichwani ilinikasirisha. Wivu ni hivyo, vijana. Unaanza na jambo kubwa halafu unashuka mpaka kwenye kitambaa.

Njia yetu ya kujua kazi ya nani ni nzuri ilikuwa uzi. Kila mpakiaji alifunga boksi zake kwa uzi wa rangi yake. Wangu ulikuwa wa buluu, wa Ndinda mwekundu. Mnunuzi wa kule Ulaya aliandika barua kila mzigo ulipofika, na Kariuki alitusomea tumesimama uwanjani. Kabla ya Ndinda, barua zilisema wangapi walifika hai na wangapi walikufa, na wafu walikuwa wengi, na hakuna aliyeona ajabu. Kariuki aliongeza kobe wachache kwenye kila oda ili kufidia watakaokufa, kama vile mama anavyoongeza maharagwe kidogo kwa ajili ya yale yatakayooza. Halafu barua zikaanza kusema uzi mwekundu, wote wazima. Uzi wa buluu, wamekufa hawa na hawa. Barua ya pili ikasema vivyo hivyo. Ya tatu vilevile.

Baada ya ile ya tatu, Kariuki akanyoosha mkono mbele ya watu wote. "Wewe Mutisya, leta huo ufunguo."

Nilivua kamba shingoni, ikanasa kwenye sikio. Watu wakacheka. Ndinda hakucheka. Alipewa ufunguo akautia mfukoni mwa aproni, hata hakuuvaa, kana kwamba ni ufunguo wa choo.

Nikaanza kumchunguza. Nilidhani ana dawa. Sisi Wakamba tumesifiwa kwa mambo hayo hata na wasiotujua, na Kitui ndiyo husifiwa zaidi, basi nikajiambia huyu mwanamke wa kanisa ana kitu kimefichwa kwenye pindo la nguo. Nilipekua kikapu chake. Nilikuta Biblia, sega na kipande cha sabuni. Nilichunguza maji anayowaogeshea kobe kila asubuhi. Ni maji tu, ya vuguvugu. Kobe hunywa akiogeshwa, na sisi tulioshika mtaimbo hatukujua hilo.

Jambo moja ndilo lililobaki. Mzigo ulitoka Jumamosi asubuhi kwenda uwanja wa ndege wa Embakasi. Kuanzia Jumatano, Ndinda hakuwapa kobe wake chakula chochote. Maji tu. Na yeye mwenyewe alifunga kila Ijumaa, akaenda kwenye maombi ya adhuhuri katika lile kanisa la mabati ng'ambo ya barabara. Wapakiaji tulimtania sana kwa hilo. Mmoja alikuwa anasema, "Kobe wa Ndinda wameokoka, wanafunga na kuomba." Alicheka na sisi, hakueleza. Na sisi, watu tulioshika wanyama miaka yote ile, tuliamini kweli kwamba anawafungisha kwa sababu ya dini yake. Mimi niliamini kwa hasira. Nilimwona Mungu anapendelea boksi zake.

Nilimwuliza siku moja. "Ndinda, kwa nini hawa unawanyima chakula? Hii kitu iko na roho."

Akanitazama akafurahi, nafikiri kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza namwuliza kitu. Akaanza, "Baba Mwende, kobe akisafiri na tumbo imejaa..." Nami nikageuka nikaenda zangu. Vijana, alikuwa ananipa siri yote bure, na sikungoja amalize sentensi. Sikutaka kufundishwa na yeye. Nilitaka kuiba.

Ikaja oda kubwa ya kobe wa miamba. Kariuki akasema mzigo huu ndio utakaoamua kama mnunuzi ataendelea na sisi. Ndinda alipakia nusu, mimi nusu. Kobe wake walikuwa kwenye banda la kushoto, wangu kulia.

Ijumaa adhuhuri aliniachia ufunguo aende kwenye maombi. "Nitarudi saa tisa, baba Mwende. Uwaangalie." Nilisikia wimbo ukianza ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nimeficha mapapai matatu yaliyoiva mno na majani ya kabichi chini ya magunia. Niliyakata na kuyamwaga kwenye banda la kushoto. Kobe walikuja mbio. Hamjaona kobe wa miamba akila papai baada ya siku mbili za njaa, anaingiza kichwa chote, anatoka na uso wa rangi ya machungwa. Nilisimama pale nikajiambia, Mutisya, wewe ndiye mwenye huruma hapa. Huyu mlokole anatesa viumbe vya Mungu, wewe unawalisha.

Na wangu wa kulia? Wangu nilikuwa nimewanyima chakula tangu Jumatano, kimya kimya, na nimewaogesha maji ya vuguvugu kama nilivyomwona akifanya. Hapo ndipo mjue haikuwa huruma. Nilikuwa nimepiga hesabu pande zote mbili. Kama kufunga ndiyo siri, basi wangu wamefunga na wake wameshiba.

Niliokota maganda nikayatupa. Ndinda aliporudi kutoka kanisani uso wake ulikuwa umetulia, na nilimwonea wivu hata huo utulivu.

Asubuhi tulipakia. Kila kobe kwenye kifuko chake, vifuko safu moja tu, hakuna kupandanisha. Niliona Ndinda amechutama muda mrefu kwenye banda lake. Kisha akaenda kwa Kariuki, wakaongea kando, sikusikia. Nilimsikia Kariuki tu akipaza sauti, "Ndege inangojea nani? Wewe? Piga misumari!" Akarudi akapiga misumari. Alifunga uzi mwekundu taratibu sana.

Barua ilichukua wiki kadhaa. Safari hii ndani ya bahasha kulikuwa na picha. Kariuki hakuanza na barua, alitupitishia picha kwanza. Ilikuwa meza ndefu, na juu yake kobe wamepangwa kwa mistari wakiwa chali, na pembeni ya meza boksi lenye uzi mwekundu. Boksi lilikuwa limelowa chini. Kisha Kariuki akasoma: mnunuzi aliandika kwamba walijichafua njiani, wakalala kwenye uchafu na unyevu, baridi ikawapata huko angani, na hewa ya boksi ikawa sumu. Hiyo ndiyo sababu ya kuwanyima chakula. Haikuwa dini, wala dawa. Ndiyo ile sentensi ambayo sikuingoja iishe.

Boksi za uzi wa buluu, wote walifika hai.

Ndinda aliitazama picha kuliko sisi wote. Nilimngoja aseme kitu. Kariuki alimwambia achukue vitu vyake, aache ufunguo, aondoke. Alikuwa na mama mgonjwa Nuu aliyekula kwa kazi ile, kila mtu pale alijua. Mdomo wangu ulikuwa hapa, na Kariuki alikuwa hapo, hatua tatu. Ningesema maneno manne tu: mimi ndiye niliyewapa chakula. Nilifungua mdomo nikasema, "Pole, Ndinda." Akaninyooshea ufunguo yeye mwenyewe, kabla Kariuki hajasema nani apewe.

Niliuvaa. Nilifurahi, sitawadanganya, nilifurahi mpaka jioni. Kuanzia kesho yake watu walikuwa wananingoja mlangoni, na kila nilipofungua stoo niliona banda la kushoto kwanza.

Nilipakia miaka mingi baada ya hapo, kwa njia ya Ndinda, na nikasifiwa kwa njia ya Ndinda. Kuna watu hapa Makueni waliojifunza kwangu ambao watawaambia kwamba ni Mutisya aliyegundua kobe asilishwe kabla ya safari. Sikumsahihisha mtu. Baadaye serikali ikakaza, leseni ikashushwa ukutani, Kariuki akabaki na sukari na mafuta ya taa. Uwanja ukafungwa. Ufunguo nikabaki nao.

Mwaka jana, Mwende alipomzika mkwewe kule Kitui, nilikuwa karibu na Nuu. Miguu ilinipeleka. Nilimkuta Ndinda kwake, amekuwa bibi, anapepeta pojo uani. Alinijua kabla sijafika mlangoni.

"Baba Mwende! Karibu, karibu. Uketi. Mwende hajambo?"

Sikuketi. Niliogopa nikiketi nitaanza kuongea habari za mvua. Nilitoa ufunguo nikauweka kwenye ungo, juu ya pojo, na nikasema maneno yale niliyoyabeba muda wote huo. "Mama, wale kobe, mimi ndiye niliwapatia chakula. Papai na kabichi. Ukiwa maombi."

Akaendelea kupepeta kidogo. Ufunguo ukawa unarukaruka na pojo. "Najua," akasema. "Niliona mbegu ya papai kwa banda hiyo asubuhi."

"Ulijua kabla hatujapiga misumari?"

"Nilijua. Nikaambia Kariuki tungoje siku tatu. Akaniuliza nani amelisha. Ni wewe tu ulikuwa na ufunguo."

"Na mbona hukusema?"

"Ungefutwa kazi. Ulikuwa na Mwende na wale wengine wadogo." Akaweka ungo chini. "Nikafikiria, hizi ni kobe tu. Siku moja hiyo tu, nilifikiria kama nyinyi. Nikapiga misumari na mkono yangu, nikijua. Wewe umekuja kuomba msamaha kwangu, sawa, nimekusamehea zamani. Lakini mimi niende kuomba kwa nani?"

Vijana, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa msamaha. Sikujiandaa kusikia kwamba nilikuwa nimemtia doa mtu yule peke yake aliyekuwa safi katika kazi ile, na kwamba amelibeba doa hilo muda wote ambao mimi nilikuwa nimevaa ufunguo.

Akasimama, akaniambia nimfuate. Tulipanda nyuma ya nyumba mpaka kwenye mwamba mkubwa. Upande mmoja umepasuliwa, mapande yamelala chini yamebadilika rangi, na alama za mtaimbo bado ziko. Sikuuliza ni kundi la nani lililopasua. Upande wa pili mwamba ulikuwa mzima. Akanionyesha ufa, niiname nichungulie. Nilichungulia. Ndani kulikuwa na kobe mmoja bapa, wa rangi ya jiwe.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Sikuutuma. Ulishaanza kupima upana wa ufa na mahali pa kuingiza waya.

Ndinda akaupiga kofi. "Toa mkono."

Niliutoa. Nikaiweka mikono yote miwili nyuma, mzee mzima, kama mwanafunzi aliyekosa. Kobe alikwisha kunisikia. Alijisukuma ndani, akajikaza kwa miguu, akaingia mpaka pale ambapo hakuna anayeweza kumwona wala kumfikia. Na mimi nikasimama juani mbele ya Ndinda, sina pa kuingia, nikamwonea wivu kobe yule.